Jogoo Niliyempelekea Sajenti Msengi

Tangu nirudi mnaniuliza, pale kwenye benchi la mashine ya kukamua alizeti, mzee vipi, ulipotelea wapi, na yule jogoo wako mwekundu yuko wapi. Mimi najibu tu "nilisafiri", halafu nanyamaza, nanyi mnasema naringa. Siringi. Nikianza kusema kwa mdomo sifiki mwisho. Ndiyo maana nimechukua daftari nikaandika, kwa darasa langu la nne lile lile mnalolicheka. Mama Zawadi atawasomea. Akifika mahali akaona herufi zimelala, ajue hapo mkono ulichoka.

Habari za kukata tiketi sizisemi, hizo kila mtu anazijua. Nasema za njiani.

Nyumbani mpaka Manyoni

Kwanza niwakumbushe, maana wengine mlikuwa bado hamjahamia. Mwanangu Yohana alikuwa askari. Alikwenda na wenzake kulinda amani kwenye nchi ya watu, akafia huko. Aliletwa na askari sita, mkubwa wao akiitwa Sajenti Msengi, Mnyiramba wa upande wa Nduguti. Walishusha jeneza, bendera juu, limefungwa misumari. Nikasema lifunguliwe nimwone mwanangu uso. Sajenti akasimama mbele ya jeneza, akasema, "Mzee, samahani sana. Amri ni kwamba lisifunguliwe."

Nikamwambia, "Basi hujaniletea mtoto. Umeniletea sanduku."

Tukazika. Na kwetu, nyote mnajua, aliyekuletea maiti haondoki bila kula. Akiondoka na njaa ni kama umesema huyo maiti si wetu, mrudisheni. Mke wangu, Mama Yohana, alikuwa amechinja jogoo, chungu kiko mekoni, ugali wa uwele umeshaiva. Mimi nikaenda jikoni nikakiepua kile chungu kwa mikono yangu, nikamwaga nje. Mbwa wakala. Sajenti alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, anaona. Akapiga saluti kwenye kaburi, akapanda gari na watu wake, wakaenda.

Tangu siku hiyo nikawa na neno moja kichwani: tulizika mawe. Sikumwambia mtu. Nikipita kaburini nasema, haya mawe.

Mama Yohana aliishi nalo lile la chungu mpaka mwaka juzi alipofariki. Alipokuwa hoi, badala ya kuniambia habari ya shamba au ya watoto wa kike, aliniambia, "Yule mtu aliondoka kwetu na njaa." Akageukia ukutani. Hakusema lingine la maana tena.

Sasa majuzi binti wa jirani yangu, yule aliye jeshini, alikuja likizo. Nikamuuliza kama anamjua Msengi. Akasema, "Alistaafu zamani, babu. Nasikia yuko Shelui, analinda malori." Asubuhi yake nikamkamata jogoo mwekundu, kizazi cha kuku wale wale wa Mama Yohana, nikamtia kikapuni, nikachukua unga wa uwele kwenye mfuko. Nikaondoka.

Kutoka kwetu mpaka Manyoni si mbali, lakini gari lilikuwa na ugonjwa wa betri, kila likizimika tunashuka tunasukuma. Mimi nikasamehewa kwa ajili ya mvi na kikapu. Nilikaa mle ndani peke yangu wenzangu wakisukuma, nikamkumbuka Yohana. Alipokuwa na miaka saba ng'ombe alimkanyaga mguu wa kushoto, kidole cha pili kikapanda juu ya kidole gumba kikabaki hivyo. Tukamwambia hutaweza jeshi wewe na mguu huo. Akaweza. Barua yake ya kwanza kutoka mafunzoni ilisema anakula vizuri, ila buti zinamuuma pale kwenye kile kidole. Mama yake alilia kwa ajili ya kidole. Nikamcheka.

Manyoni mpaka Singida

Pale stendi ya Manyoni nilikaa tangu asubuhi mpaka jua limeinama. Walisema kuna lori limelala barabarani huko mbele, mabasi yamezuiwa. Mwenye kujua kwa hakika hakuna, kila mmoja anasema lake. Nikala ugali na mlenda kwa mama mmoja mwenye banda la mabati, mlenda mzuri, chumvi kidogo. Shida ikawa jogoo. Kila anayepita anamminya kifua.

"Mzee, unasemaje huyu?"

"Hauzwi."

"Hauzwi, na umekaa naye stendi?"

"Ni mgeni wa mtu."

Wakacheka. Mmoja akasema mzee huyu jua limempiga, mpeni maji. Wakanipa maji kweli. Nikanywa, mengine nikampa jogoo.

Basi lilipofika kondakta akataka kuku aende kwenye buti la mizigo. Nikasema akienda buti na mimi naenda buti. Tukabishana mpaka abiria wakapiga kelele, "Mwache babu apande na mke wake!" Nikapanda, kikapu katikati ya miguu, kichwa cha jogoo nje kinatazama watu.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama mmoja wa Singida mjini, mfanyabiashara wa vitenge, mtandio wa kijani, mcheshi sana. Alipomwona jogoo akapiga makofi. "Jamani! Kuku wa kwenda Singida! Mzee wangu, wenzako wanawatoa Singida kuwapeleka Dar es Salaam, wewe unawarudisha kwao?"

Nikacheka. Akafungua kontena lake akanipa sambusa mbili. Akawa mtu wa kuongeleka, nikajikuta nimemweleza yote: askari, jeneza, safari. Nilipofika kwenye chungu nikaruka. Nikasema, "Basi kwa ule msiba, tukasahau kumpa chakula. Ndiyo namfuata."

Akanitazama. "Mlisahau? Msiba mzima, wanawake wote wale jikoni, mkasahau?"

Nikaitazama sambusa ya pili. Jogoo naye akaitazama.

"Mzee, mlisahau au ulimnyima?"

"Nilimnyima."

"Mtu aliyekuletea maiti ya mwanao?"

"Ndiyo mama."

Akageuza uso dirishani. Yule mama aliyekuwa anacheka na basi zima hakusema neno mpaka tunapita Ikungi. Sambusa ya pili ilikuwa bado mkononi mwangu, sikuweza kuila, sikuweza kumrudishia. Tulipoingia Singida, yale mawe makubwa yanaonekana na ziwa kule chini limekuwa jeupe, akasimama, akajifunga mtandio, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mfuate, mzee wangu. Lakini ukifika usiseme ulisahau. Sema ulimnyima."

Akashuka. Jina lake sikuuliza. Nililala kwa mjomba wa marehemu mke wangu pale mjini, akanilisha vizuri, akaniuliza habari za mvua. Nikajibu za mvua.

Singida mpaka Shelui

Barabara ya Shelui ni ya lami, gari linateleza tu, kisha mnashuka ule mlima wa Sekenke, masikio yanaziba, na hapo chini joto linakupokea. Shelui ni malori. Yamejipanga kulia na kushoto, madereva wanalala chini yake kwenye mikeka, wanawake wanakaanga chipsi.

Nikauliza yuko wapi mzee anayelinda malori. Wakanionyesha kwa kidole: mtu wa makamo, buti nyeusi, kofia ya kijani, rungu kwapani, amekaa kwenye tairi bovu. Dereva mmoja akapaza sauti, "Sajenti! Una mgeni!"

Sura yake sikuikumbuka vizuri, miaka mingi, na siku ile machozi. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Wewe ndiye Sajenti?"

"Naam mzee, shikamoo."

Sikuitikia hata marahaba. Niliogopa nikisita nitashindwa. Nikayatoa yote, nimesimama, kikapu mkononi. Nikamwambia mimi ni baba yake yule kijana uliyemleta kwenye sanduku. Nikamwambia ulisafiri naye usiku na mchana, ukambeba begani, ukasimama kwenye kaburi lake wakati mimi baba yake nilikuwa nimekupa mgongo. Nikasema, "Hukula kwangu. Nilikunyima. Nimekuja kukushukuru na kukulisha."

Yule mtu alikuwa ameinama, machozi yanadondoka kwenye buti. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akavua kofia, akajifuta uso kwa ile kofia.

"Mzee, nisamehe. Mimi si huyo."

"Si ndiye Sajenti?"

"Wananiita tu, utani wa madereva. Jina langu Shabani. Jeshi sijalisogelea hata getini. Unayemtafuta ni Msengi, niliyemrithi kazi hii; aliumwa sukari, wakamkata mguu, akarudi kwao nyuma ya Nduguti."

Nikapandwa na hasira. "Sasa mbona ulikaa kimya mtu mzima nimwage moyo wangu hapa?"

Akasema, "Miaka yote ninayolinda hapa, mzee, mali za watu, mvua, wezi, hajawahi kunijia mtu akasema asante. Nilijua si yangu. Lakini nilitaka kuisikia mpaka mwisho."

Nikakaa naye kwenye lile tairi. Akaagiza chai na chapati, hakuniruhusu kukataa. Jogoo akachungulia nje ya kikapu akataka kumdonoa mkono, Shabani akasema, "Huyu ndiye sajenti kweli." Hapo ndipo tulipocheka, kidogo. Akanitafutia lori la magunia matupu linalokwenda Nduguti, akamwambia dereva, "Huyu ni baba yangu, usimweke juu." Wakati lori linaondoka alisimama wima, buti pamoja, akanipigia saluti. Haikuwa sawasawa, mkono ulikuwa umepinda. Niliipokea hivyo hivyo.

Shelui mpaka Nduguti

Hii njia ya vumbi siku ile haikuwa na vumbi, ilikuwa tope. Tukafika kwenye korongo tukakuta maji yamejaa, mekundu, yanapita na magogo. Dereva akazima injini akajifunika koti. "Tunasubiri," akasema, na hilo ndilo neno lake refu kuliko yote niliyoyasikia.

Tukasubiri. Watu kama kumi na wawili wa pande zote mbili. Tulikula mahindi ya kuchoma tuliyouziwa na watu wa pale, magumu, yanakula meno. Jogoo nilimpa punje. Alikuwa ameanza kulegea, mabawa yanashuka, nikaogopa atanifia kabla ya kufika. Nikamweka ndani ya koti langu. Mtu mwenye miaka yangu amekumbatia kuku kwenye manyunyu.

Katika wale waliokuwa wanasubiri alikuwamo muuguzi, dada mwembamba, ana boksi la chanjo la bluu. Kila mara anatazama maji, anatazama saa. Mwisho akavua viatu, akaviingiza mfukoni, akajitwika boksi kichwani.

Mwanamume mmoja akamwambia, "Dada, unakimbilia nini? Maji haya yameshachukua ng'ombe."

"Kina mama wamekaa tangu asubuhi na watoto," akasema. "Na barafu inayeyuka."

Akaingia. Maji yakafika magotini, mapajani, kiunoni. Tukakaa tunamtazama, kundi zima la watu wazima, kama tunatazama mpira. Mara moja aliyumba, mikono yote miwili kwenye boksi, ya kujishikia haipo. Akavuka. Akakaa chini kule ng'ambo anavaa viatu, na sisi huku watu wakaanza kuongea habari za bei ya vitunguu.

Nikasimama nikaita, "Asante!"

Akageuka. "Nimekufanyia nini, mzee?"

Sina mtoto mdogo mimi, wala si kijiji changu. Akangoja kidogo, akapunga mkono, akaenda zake. Nimelifikiria jibu mpaka leo sijalipata, lakini sijutii kuita.

Maji yalipungua jua likiwa linataka kuzama. Nduguti nilipokelewa na katibu wa kanisa, mtu mwema, nyumba yake iko nyuma ya zile ofisi mpya za serikali. Alinisalimia Kinyiramba, nikaitikia Kinyaturu, tukaishia Kiswahili.

Kwa Sajenti

Kwake nilifika kwa bodaboda, asubuhi, nimeshika kikapu juu ya mapaja. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati, uzio wa minyaa. Msengi alikuwa barazani kwenye kiti cha kamba, mguu mmoja umeishia gotini. Macho yake yamefunikwa na ukungu, sukari imeyala. Mimi hakunijua. Angenijuaje? Hata mimi yeye sikumjua, ila alivyokaa: mgongo umenyooka kama bado anakaguliwa.

"Shikamoo mzee," alisema, maana alisikia hodi yangu ni ya mtu mzima.

"Marahaba. Nimetoka upande wa Itigi. Uliwahi kutuletea msiba kwetu."

Akatikisa kichwa polepole. "Karibu sana. Nimepeleka misiba mingi, mzee. Hiyo ilikuwa kazi yangu miaka ya mwisho. Majina mengine yamenitoka, lakini nyumba nazikumbuka kwa chakula. Kuna nyumba Tanga walinipa wali wa nazi. Kuna bibi mmoja Songea alinilisha kwa mkono wake, eti mimi ndiye wa mwisho kumgusa mjukuu wake. Na wewe, kwako nilikula nini?"

Mke wake, Mama Neema, alikuwa ameshamtoa jogoo kikapuni anampima uzito, anasema, "Mbona ana hasira hivi huyu, kama mwenyewe hapa?" Akaona hatucheki, akamrudisha jogoo kikapuni.

Nilikumbuka yule mama wa mtandio wa kijani. Nikasema, "Kwangu hukula. Nilimwaga chungu. Nilikunyima."

Kuku wa jirani wanapekua uani, nasikia kucha zao.

"Nyumba ya chungu," akasema Msengi mwisho. "Iko moja tu."

"Ndiyo hiyo."

"Nilirudi kambini nimekaza mkanda, siku mbili sikutaka chakula. Si kwa hasira, mzee. Nilijiambia, pengine na mimi ningemwaga." Akapapasa goti lake lililoisha. "Ulisema nimekuletea sanduku."

"Nilisema. Na mpaka leo sijui tulizika nini. Nakwambia kweli, sajenti. Napita pale nasema mawe."

Akainua uso wake ule wa ukungu. "Nani alikwambia mawe? Mimi ndiye niliyemwosha. Nilikuzuia kufungua kwa sababu uso haukuwepo wa kuutazama, na mama yake alikuwa amesimama hapo. Lakini miguu ilikuwa mizima. Mguu wa kushoto kidole kimepanda juu ya mwenzake. Nilijaribu kumvika buti, ikakataa. Nikachukua kisu nikaipasua ile buti ubavuni, pale pale penye kidole, ndipo nikamvika."

Nikauliza, "Uliipasua ya nini? Si alikuwa amekufa?"

"Isimuume," akasema.

Hapa ndipo herufi zinapolala, Mama Zawadi. Ruka mstari.

Mama Neema alichinja. Unga wangu wa uwele akausonga. Chakula kilipokuja akaleta jagi na beseni, akaja kwangu kwanza kama inavyotakiwa, mimi mgeni, mimi mkubwa. Nikalichukua jagi mkononi mwake.

"Hapana mzee, usifanye hivyo," akasema. "Mtu mzima kumnawisha mdogo wake? Watu watasemaje?"

"Waseme."

Nikapiga magoti mbele ya kile kiti, magoti yangu haya yanayolia. Msengi akanyoosha mikono bila kujua ni nani. Maji yalipomgusa akasikia pumzi yangu karibu, akataka kuirudisha mikono. Nikamshika viganja. Mikono mikubwa, mikavu, makovu kwenye vidole. Nikaimwagia taratibu, nikaisugua, juu na chini, na katikati ya vidole.

"Mzee, imetosha."

"Bado," nikasema.

Nikamwagia mpaka jagi likaisha.

Hakula sana, ugonjwa haumruhusu. Finyango mbili na matonge matatu. Mimi sikugusa. Nilikaa nikamtazama anavyotafuna mpaka akameza la mwisho, ndipo nikamwambia asante, na yeye akasema, "Asante kwa chakula, baba." Habari ya kusameheana hakuna aliyeitaja. Nilipoaga alijiinua kwa magongo, akasimama kwa mguu wake mmoja mpaka bodaboda ikapotea. Hivyo ndivyo alivyoniambia yule wa bodaboda, maana mimi sikugeuka nyuma.

Kurudi

Kurudi hakuna la kusimulia, basi liliwahi na mtu wa kuongea naye sikupata. Nilishuka jioni, sikupitia nyumbani. Nilikwenda makaburini na kile kikapu kitupu. Kwa Yohana nilisimama nikasema, "Nimeambiwa habari ya buti." Sikusema mawe. Kisha nikasogea hatua nne, kwa mama yake, aliyelala amegeukia upande ule ule kama siku ile ukutani, nikainama karibu kabisa na udongo ili anisikie.

Nikamwambia, "Amekula."